Gari la Inchi Ishirini na Tano

Mama Sponji alikwenda kununua gari akiwa na mumewe, fundi wa magari wa mtaani kwao, na futi ya kupimia vitambaa. Mumewe alichukuliwa kwa ajili ya kubishana bei, fundi kwa ajili ya kulala chini ya magari. Futi hakumwambia mtu ni ya nini. Aliizungusha, akaitia mkobani, na njia nzima alikuwa anacheka peke yake.

Na alikuwa na haki ya kucheka. Miaka hamsini na minne, vidole vigumu kwa kuvuta vitambaa, goti moja linalolalamika kila akisimama, na leo kwa mara ya kwanza maishani anakwenda kununua gari kwa jasho lake mwenyewe. Ukumbi mmoja mkubwa wa mikutano ulikuwa umempa viti vyake vyote avivalishe upya, viti mia nne na kumi, na akavimaliza siku nne kabla ya siku waliyopatana. Wenye ukumbi hawakuamini. Wakamtuma mtu avikalie kimoja kimoja avijaribu, na inasemekana yule mtu alipitiwa na usingizi kwenye kiti cha thelathini na saba.

Kazi yake ni kutengeneza makochi. Jina la Mama Sponji alipewa na wateja, kwa sababu hawezi kuona kitu cha kukalia asikibonyeze. Akienda hospitali atabonyeza benchi, akialikwa harusini atabonyeza hata kiti cha bwana harusi. Siku moja alimwambia meneja wa benki, kabla hata ya salamu, kwamba sponji yake imekufa, na meneja akadhani ametukanwa. Kumbe mwanamke alikuwa anamhurumia mgongo.

Kazi hiyo alifundishwa na dada yake mkubwa. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka saba, na dada, aliyekuwa na kumi na tisa, akakunja mikono ya gauni akawa mama. Alikuwa akishona magodoro na matakia katika chumba kile kile walichoishi, kwa hiyo walilala juu ya kazi za wateja na asubuhi wakazikung'uta kabla wenyewe hawajaja kuzichukua. Dada ni mwanamke mrefu, anainama kila mlango, na hana maneno ya sukari. Lakini kila alichonacho mdogo wake mikononi, kuanzia kushika mkasi mpaka kujua kitambaa kinachodanganya, kilitoka kwake.

Sasa, miaka sita iliyopita mambo mawili yalitokea mwezi mmoja. Mama Sponji alihama kwenye kibaraza alichokuwa anashonea, akapanga karakana ya kweli: mlango wa kupitisha kochi bila kuligeuza, madirisha matatu, cherehani nne na meza ya kukatia yenye urefu wa mtu na nusu. Na dada, huko kwake mbali, alipanda stuli kutundika pazia akaanguka, akavunjika nyonga. Akatiwa chuma. Akapona, akatembea na fimbo yake, ila daktari alimpa masharti mawili magumu: asikae mahali pa chini hata siku moja, na asipande mahali pa juu. Basi lina ngazi. Teksi za kwao ziko chini, ukitaka kuingia inabidi ujikunje. Kwa hiyo dada alibaki kwake, kwenye kiti cha inchi ishirini na tano alichotengenezewa na mdogo wake, na karakana hajawahi kuiona.

"Nitakuja nikipona," alikuwa akisema kwenye simu.

Alikuwa amepona zamani. Wote wawili walijua kwamba hatakuja, na wote wawili walikuwa wakiendelea kulisema lile neno kwa adabu. Jambo hilo lilimkereketa Mama Sponji moyoni kuliko alivyoweza kueleza. Watu wote wa mji ule walikuwa wameiona karakana yake, hata wezi waliiona mara mbili, na mtu mmoja tu aliyekuwa na haki ya kuiona ndiye hajaiona. Hilo tu ndilo alilotaka gari limfanyie: limlete dada mpaka mlangoni.

Tumjue na mume. Ni karani mstaafu wa ghala, mtu mpole, msikivu, ila ana ugonjwa mmoja. Kila anachokiona anauliza: itauzika? Mtaani wanamwita hivyo hivyo, Bwana Itauzika, na yeye anaitika. Ukimwonyesha friji mpya, itauzika? Ukimwonyesha kabati, itauzika? Binti yao alipoleta mchumba nyumbani, majirani walikaa mkao wa kusubiri aulize. Hakuuliza, lakini alimzunguka yule kijana mara mbili.

Ugonjwa huo una chanzo. Ujanani alinunua gari dogo la aina ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia, kwa kuwa lilikuwa rahisi. Taa ilipovunjika alitafuta taa miezi mitano. Alipotaka kuliuza watu walikuja, wakalitazama, wakampa pole, wakaondoka. Mwishowe lilichukuliwa na mfuga kuku, na ukipita pale unaweza kuona jogoo amesimama kwenye usukani anatazama mbele. Tangu siku hiyo Itauzika aliapa kwamba hatanunua tena kitu bila kujua nani atakinunua kwake.

Basi wakafika yadi. Magari yamepangwa safu, yamepakwa nta mpaka yanakuumiza macho, na katikati yake dalali mwenye miwani ya jua juu ya kipara, akatembea kuwapokea mikono imefunguka.

"Shikamoo mzee wangu! Mama, karibu, karibu sana! Leo tunatoka na kitu gani?"

"Krosova," akasema Itauzika, kwa sauti ya mtu aliyelifanyia neno hilo mazoezi nyumbani.

Krosova, kwa asiyejua, ni gari ambalo halijaamua. Si gari dogo la kukaa chini, si jipu la kupandia kwa kudandia. Limenyanyuka kidogo, linapita kwenye mashimo bila kukwangua tumbo, na kiti chake kiko usawa wa makalio ya mtu mzima. Mama Sponji alikuwa amelifikiria hilo la makalio tu. Itauzika alikuwa na kadi nzima aliyoiandika kwa mwandiko wa ghala: rangi iwe nyeupe, nyeusi au ya fedha, aina iwe inayojulikana, ambayo spea zake hata muuza misumari anazo, kilomita ziwe chache, lisiwe limegongwa.

"Sikiliza mke wangu," alimwambia, wakitembea katikati ya magari. "Gari hununui kwa ajili yako. Unanunua kwa ajili ya yule atakayelinunua kwako. Sisi tunamtunzia tu."

"Na yeye akilinunua, anamnunulia nani?"

"Yule atakayelinunua kwake."

"Kwa hiyo hakuna anayelipanda?"

Itauzika akasema tusichanganye mambo.

Dalali akawasimamisha mbele ya gari la rangi ya fedha. Lilikuwa zuri, tusimnyime haki yake. Taa zinameta, viti vimevaa ngozi nyeusi mpya, na mita inasoma kilomita elfu hamsini na nane. "Mwenyewe ni mama mmoja wa ofisini," dalali akasema, akishusha sauti kama anatoa siri ya ukoo. "Jumapili tu. Jumapili na sikukuu. Siku nyingine lilikuwa linalala chini ya shuka."

Itauzika alilizunguka mara mbili. Akagusa boneti, akafumba macho. "Hili," akasema, "litauzika mpaka litauzika tena."

Hapo ndipo futi ilipotoka mkobani. Mama Sponji akapiga goti lake zima, akaweka ncha ya futi chini kwenye sakafu, akaivuta mpaka ukingo wa kiti cha abiria. Dalali alitazama. Alikuwa ameuza magari miaka mingi, ameona watu wakipiga matairi mateke, wakinusa dashibodi, wakisali. Hili hakuwahi kuliona.

"Mama, samahani, unapima pazia?"

"Ishirini na tano," akasema Mama Sponji, na akapiga ukelele mdogo wa furaha. "Baba, ishirini na tano kamili!"

Kwa muda huo, jamani, mume na mke walipendana upya. Kila mmoja alikuwa amepata gari lake ndani ya gari lile moja. Itauzika alianza kutafuta kalamu. Na pengine wangetia saini pale pale, ila Mama Sponji akaketi kwenye kiti cha dereva, na akishaketi, unajua tena, lazima abonyeze.

Akabonyeza kwa kiwiko. Akabonyeza tena. Furaha ikasimama usoni, haijaondoka, lakini imesimama.

"Sponji ya chini imechoka," akasema. "Juu wameweka tabaka jipya, jembamba. Lakini chini pamelala upande wa kushoto. Hapa alikuwa anakaa mtu mzito, anayeshuka na kupanda siku nzima."

"Mama wa ofisini ni mnene," dalali akasema haraka.

"Ila aliyeshona ni fundi." Mama Sponji alipitisha kidole kwenye mshono. "Tazama kona hii. Tazama alivyoizungusha bila kukunja. Baba, huyu mtu anajua! Nani huyu? Nataka nimjue, nimpe kazi."

Akainua ukingo wa kiti, pale chini ambapo hakuna anayechungulia, aone jinsi fundi alivyofungia. Akaona uzi wa kijani.

Hapa lazima nieleze. Miaka kumi iliyopita Mama Sponji alinunua katoni za uzi mweusi kwenye mnada bila kuzifungua, na alipofika nyumbani akakuta uzi wote ni wa kijani, kijani cha kasuku, katoni kumi na mbili. Hakuna anayetaka kochi lenye mishono ya kijani cha kasuku. Kutupa hawezi. Kwa hiyo tangu siku hiyo kila anachoshona anakifungia chini, mahali palipojificha, kwa uzi wa kijani, na katoni bado ziko saba. Hakuna fundi mwingine duniani mwenye sababu ya kufanya hivyo.

Akauachia ukingo wa kiti. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni kikapanda, akashikilia usukani asidondoke.

"Kiti hiki nimekishona mimi!"

"Umekishona wewe?" Itauzika akauliza.

"Mimi! Mwaka jana, mtu aliniletea viti viwili kwenye mkokoteni, gari lenyewe sikuliona. Vimechoka mpaka springi zinachungulia. Akaniambia, mama, nivalishie vizuri, hivi viti vimenisomeshea watoto watatu. Teksi, baba! Miaka kumi na moja, asubuhi mpaka jioni!" Akamgeukia dalali, machozi ya kicheko yakimtoka. "Jumapili tu, eeh? Na sikukuu?"

Fundi wa magari, aliyekuwa hajasema neno tangu waondoke nyumbani, alitoka chini ya gari, akatazama mita, akatazama pedali ya breki iliyoliwa upande mmoja, akatikisa kichwa. "Mita imerudishwa," akasema, akarudi kwenye ukimya wake.

Dalali alivua miwani kwenye kipara, akaifuta, akairudisha. Akaapa kwamba na yeye kaletewa hivyo hivyo, na inawezekana ni kweli. Lakini aliyeumia ni Itauzika. Alisimama pale na kadi yake mkononi, kila alichoandika kimetimia, rangi imetimia, aina imetimia, kilomita zimetimia, na gari ni uongo mtupu. Mama Sponji alimwona akazeeka kidogo, na moyo ukamwuma, kwa sababu anampenda.

Ndipo akaliona lile jingine.

Lilikuwa kwenye kona ya mwisho, nyuma ya lori bovu, na rangi yake ilikuwa ya chungwa. Si chungwa la heshima. Chungwa la kupiga kelele. Krosova nayo, ya kampuni inayojulikana, ila umbo ambalo halikupendwa sana, lenye matako yaliyobinuka. Vumbi lilikuwa limelala juu yake kidole kizima.

"Na lile?"

"Lile!" Dalali alicheka kwa uchungu. "Lile lina miezi tisa hapa. Mwenyewe muuguzi mmoja, kastaafu. Watu wanakuja, wanapiga nalo picha, wanaondoka."

Mama Sponji alikuwa ameshafungua mlango. Kiti ni cha kiwandani, hakijaguswa na fundi yeyote. Akabonyeza. Sponji ikashuka, ikapanda, ikamrudishia mkono wake. Kulikuwa na kishimo kimoja tu, cha mtu mmoja mwembamba aliyekaa vizuri. Pedali zina mpira wake wote. Mita na kiti vilikuwa vinasema neno moja. Akapiga goti, akavuta futi.

"Ishirini na tano na nusu. Akikaa, hiyo nusu inashuka." Akainuka, uso unang'aa. "Baba, ndilo hili."

"Haliuziki!" Itauzika alisema, na sauti ilimpanda mpaka lori bovu likasikia. "Mke wangu, nakusihi. Chungwa! Nani atanunua chungwa? Nimeshaliona hili, lina jogoo ndani!"

"Bei yake ikoje?"

Dalali akaitaja. Ilikuwa imepungua sana kuliko ya lile la fedha, karibu nusu.

"Baba," Mama Sponji akasema taratibu, kwa sauti anayotumia kuwaeleza wateja kwa nini kochi la bei rahisi litawatoa machozi. "Wewe unaogopa bei itaanguka ukiliuza. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Hili limeshaanguka. Alianguka nalo yule muuguzi. Alilinunua likiwa juu, akalileta mpaka huku chini. Sisi tunaliokota likiwa sakafuni. Litaanguka wapi tena? Lile la fedha ndilo liko juu ya kabati. Tukilinunua, tutaanguka nalo sisi."

Itauzika akaitazama kadi yake. Miaka thelathini na moja ya ghala ikaanza kufanya kazi nyuma ya paji lake. Akatazama gari la fedha, akatazama la chungwa. Alilitupia jicho moja kubwa, la pili, na ukaona kitu kinamfunguka polepole usoni.

"Kwa hiyo," akasema, "mtu asiyeangalia bei ya kununua, bei ya kuuza haimsaidii."

"Ndiyo hiyo."

"Na spea zake? Fundi, injini hii ni ile ile ya lile la fedha?"

"Ile ile," sauti ikatoka chini ya gari. "Nzima."

Basi mzee akapandwa na wazimu wa furaha. Alimgeukia dalali, na hapo ugonjwa wake wote wa maisha ukageuka kuwa silaha. Kwanza rangi. Aliizungumzia rangi kwa dakika kumi. Akamuuliza dalali kama yeye mwenyewe angempeleka mkwewe msibani kwa gari lile. Akazungumzia matako yaliyobinuka. Akamwambia habari za jogoo, tangu mwanzo, na taa ya miezi mitano. Akamuuliza, kwa uchungu wa kweli, "Ndugu yangu, hili gari litamzeekea nani? Mimi nikifa, watoto wangu watamuuzia nani?" Dalali alianza kwa kubisha, kisha akawa anaitikia, mwishowe akawa anamsaidia kuongeza kasoro. Bei ilishuka mara ya kwanza, ikashuka ya pili, na ya tatu dalali aliishusha mwenyewe bila kuombwa ili tu mzee anyamaze. Kadi ya gari ilikaguliwa, namba ya injini ikalinganishwa, saini zikawekwa. Walitoka getini, Itauzika akiendesha, watu wakigeuka kuwatazama, na Mama Sponji kwenye kiti cha abiria akipungia mkono hata wasiomjua.

Raha ile ilidumu siku tatu. Siku ya nne Itauzika alitangaza sheria. Kwa kuwa sasa wamelipata chini ya bei, akasema, likitunzwa linaweza hata kuuzwa kwa faida, na kulitunza ni kubana kilomita. Kila kilomita ni pesa. Litembee palipo lazima, na kwenye lami tu.

"Kwa dada hakuna lami," Mama Sponji akasema.

"Kuna lami mpaka njia panda."

"Na kutoka njia panda?"

Itauzika alikuwa amelifikiria hilo. Alisema kilomita arobaini si mbali sana, pengine dada angeweza kusogezwa mpaka njia panda na gari la mtu mwingine.

Mama Sponji hakugomba. Aliweka mkasi mezani. "Gari la mtu mwingine lenye inchi ngapi?" akauliza. "Nimekaa miaka sita nikisubiri mlango wa karakana yangu uingiwe na mtu mmoja. Kama unataka kuuza, uza kesho. Mimi namfuata keshokutwa. Kwa hiyo uza haraka, au twende wote."

Keshokutwa, asubuhi, Itauzika alikuwa ameshawasha gari kabla mkewe hajafunga lemba.

Lami ilikwenda vizuri. Kwenye njia panda mzee alisimamisha gari, akavuta pumzi, akashuka barabara ya mawe. Aliguna kwa kila jiwe, alimwomba radhi muuguzi aliyestaafu kwa kila shimo, na alikwenda polepole hivi kwamba mbuzi waliwapita. Mama Sponji alicheka mpaka mbavu zikamwuma, kwa sababu kila kilomita iliyokuwa inamkata mumewe ilikuwa inamsogeza yeye.

Dada alikuwa amesimama uani na fimbo yake, mkoba uko begani, amevaa viatu tangu saa moja. Ukimwuliza atakwambia alikuwa amevivaa tu.

"Ndilo hili?" akauliza.

"Ndilo, dada."

"Mbona linapiga kelele hivyo na halijawashwa?"

"Shemeji, ni rangi tu," akasema Itauzika.

Mama Sponji alifungua mlango. Hakumshika mkono, dada hapendi kushikwa. Akamwonyesha tu: mgongo kwanza. Dada akakipa kiti mgongo, akapapasa nyuma kwa kiganja, akajishusha. Ile nusu inchi ikashuka. Nyonga ikatua, magoti yakabaki chini ya nyonga kama daktari alivyotaka, kisha miguu ikageuka mmoja mmoja ikaingia ndani, na dada akawa ameketi, anatazama mbele.

Akasogea kidogo kushoto, akasogea kidogo kulia.

"Mbona hapaumi?" akasema hatimaye, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekuwa amejiandaa kuumia.

Njiani Itauzika aligeuka kuwa mtu mwingine. Dada alitaka kuiona shule aliyosoma, ikapitiwa. Alitaka kujua kama daraja la zamani bado lipo, wakalizunguka, lipo. Alitaka kutazama soko jipya, na mzee akalizunguka soko mara mbili, ya pili polepole zaidi, akimwonyesha shemeji yake hapa palikuwa nini na pale pamejengwa lini. Kwenye kituo cha mafuta mtu mmoja alimuuliza analiuza kiasi gani, Itauzika akamwambia asimsumbue, ana abiria. Mita ilikimbia siku nzima, wala hakuitazama.

Walifika karakana jua likiwa bado juu. Mama Sponji alikimbia mbele kufungua mlango, mbawa zote mbili, mlango wa kupitisha kochi. Ufunguo ulimdondoka mara mbili. Viti mia nne na kumi havikuwahi kumhangaisha hivyo.

Dada aliingia na fimbo yake, na kwa mara ya kwanza hakuinama mlangoni. Alitazama madirisha. Alitazama cherehani nne. Alipita kando ya meza ya kukatia akiipapasa mwanzo mpaka mwisho. Akasimama mbele ya takia la kochi lililobaki nusu tangu juzi, akalichukua, akalipeleka dirishani, akalisogeza karibu na macho.

Mama Sponji alisubiri. Alikuwa na wafanyakazi wawili chini yake, wajukuu watatu na jina mjini, na alisubiri pale kama ana miaka saba.

"Hapa umeharakisha," akasema dada.

Na ilikuwa kweli. Kwenye kona, mishono minne imekaa mbali mbali, ile ya siku aliyokuwa anawaza safari. Mama Sponji alijibu, "Ndiyo, dada," na machozi yakamtoka, mengi, ya furaha isiyo na aibu. Hakuna mtu aliyekuwa amemkosoa kwa haki kwa miaka sita. Wateja wanasifu tu, wateja hawajui kitu.

"Usililoweshe," dada akamwambia, akilisogeza takia mbali na machozi. "Niletee kiti kirefu. Na wembe."

Akaletewa. Akaketi karibu na dirisha, akafumua ile mishono minne, akaanza kuirudia kwa mkono, bila haraka. Huko nje honi ya gari la chungwa ililia mara moja, kwa adabu, kukumbusha kwamba chakula nyumbani kinapoa.

"Mwambie shemeji azime gari," dada akasema, bila kuinua macho. "Jumatatu mnafungua saa ngapi hapa?"

"Saa tatu, dada."

"Mnachelewa," akasema, akavuta uzi.